Bomba limepasuka jikoni, mita nimefunga na maji bado yanatoka. Nifanye nini wakati fundi yuko njiani?

Mkazi_Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Bomba la maji ya baridi limepasuka chini ya sinki la jikoni. Ni lile la PPR la kijani, na ufa uko karibu na elbo (kiungo cha kona) inayoingia ukutani. Nimefunga koki ya kwenye mita lakini maji hayajapungua hata kidogo. Nyumba ina simtanki la lita 2000 juu ya mnara wa zege, kama mita 4 kwenda juu, na siku za mgao maji ya mtaani yanaingia jikoni moja kwa moja pia. Fundi yuko Mtumba, kasema nimpe saa mbili. Jikoni kuna friji na soketi za chini, na maji yameanza kuelekea sebuleni. Nianze na lipi? Na je, kuna gundi ya kupaka kwenye ufa? Jirani ananishauri niuchome kwa kiberiti plastiki ijifunge.

Spana_Ipagala

Kiberiti weka chini, tutarudi kwenye hilo. Anza na umeme, halafu tanki.

Kama maji hayajafika chini ya meni swichi, na unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu, izime nzima. Usihangaike kutafuta breka ya jikoni peke yake, maana nyumba nyingi soketi za jikoni na sebule ziko laini moja. Kama meni swichi iko upande wenye maji, usikanyage. Toa watu nje, wapigie TANESCO, na usichomoe friji ukiwa umesimama kwenye dimbwi.

Sasa kwa nini mita imefungwa na maji yanatoka. Nyumba zetu za Dodoma, kwa sababu ya mgao, zina vyanzo viwili: mstari wa mamlaka na tanki. Koki ya mita inazuia kile kinachotoka mtaani tu. Lita 2000 zilizoko juu ya mnara hazijui habari za mita, zinashuka kwa uzito wake. Bomba la nusu inchi likikatika kabisa chini ya mnara wa mita 4, lita 15 hadi 20 kwa dakika ni kawaida. Ukiliacha, tanki lako linaweza kukauka kabla fundi hajafika, na maji yote yatakuwa yamepita jikoni kwako.

Kwa hiyo fuata bomba linaloshuka kutoka tanki. Mara nyingi kuna valvu mahali pawili: juu, palepale tanki linapotoa maji, au chini ya mnara usawa wa kiuno. Ikiwa na mkono wa kuzungusha kama usukani mdogo, hiyo ni geti valvu: zungusha kama unavyokaza kifuniko cha chupa mpaka ikome. Ikiwa na mkono mrefu wa chuma, ni bol valvu: robo mzunguko tu, mkono ukikaa kukatiza bomba maji yamefungwa. Angalia usifunge bomba linalopanda kwenda tanki ukidhani ni lile linaloshuka. Linalopanda huingia juu ya tanki, kwenye floti (boya linalofunga maji tanki likijaa). Linaloshuka hutoka karibu na kitako.

Mita iache imefungwa hivyohivyo. Mgao ukifunguliwa usiku ndipo utakapojua thamani ya ile koki.

Ukishafunga, fungua bomba la chini kuliko yote nyumbani, kwa kawaida lile la nje la bustanini au la kufulia. Maji yaliyobaki ndani ya mabomba yatatokea huko, jikoni patatulia.

Mkazi_Ilazo

Umeme nimezima, asante sana. Valvu nimeipata chini ya mnara, ni hiyo ya usukani, lakini imeganda haizunguki kabisa. Nitafute spana kubwa?

Spana_Ipagala

Hapana, usiweke spana kubwa. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu ni ya visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini yenye chokaa, na chokaa ile hujijenga kwenye uzi wa geti valvu isiyoguswa mwaka mzima. Ukilazimisha kwa spana ndefu, mti wa ndani unakatika, usukani unabaki mkononi na geti linabaki wazi. Hapo utakuwa na tatizo la pili juu ya la kwanza.

Shika kwa mkono wenye kitambaa, sukuma kidogo upande wa kufungua kwanza, kisha rudisha upande wa kufunga. Nenda rudi, nenda rudi, kila mara ukiongeza nafasi ndogo. Tone la mafuta ya kula au ya cherehani penye mti wa usukani linasaidia, lipe dakika mbili tatu. Ikifika nusu ikagoma, iache hapo. Nusu ni bora kuliko kuivunja, mtiririko utakuwa umepungua.

Kama imegoma kabisa, shambulia upande mwingine: yakomboe maji. Fungua mabomba yote ya nyumba, bafuni, kufulia, nje, weka ndoo na madumu. Kila bomba unalofungua linapunguza msukumo unaofika kwenye ufa, na maji hayo ni ya matumizi yako ya kesho. Lita 2000 ni madumu 100 ya lita 20, huna mengi hivyo, lakini pipa, beseni na ndoo za majirani zinasogea. Mwite jirani alete vyake, maji ni ya kugawana kuliko kumwagika.

Kaka_Kisasa

Naongezea kwa wale ambao valvu hakuna kabisa (zipo nyumba nyingi za kupanga zilizojengwa bila hata moja). Tundu la tanki linaweza kuzibwa kwa ndani. Chukua glovu ya mpira, ijaze matambara mpaka iwe kama ngumi, ifunge mdomo kwa kamba imara ya mita 3, na funga jiwe dogo ndani isije ikaelea. Ishushe kupitia mfuniko wa juu, isogeze kwa mti mrefu kuelekea tundu la kutolea. Ikikaribia, maji yenyewe yanainyonya na kuibana pale. Haizibi asilimia mia, lakini kutoka mfereji unapata matone. Kamba ifungwe nje ya tanki, na glovu iwe kubwa kuliko tundu, isije ikapita ikaingia kwenye bomba.

Hili ni la mchana, likiwa na mtu wa kushika ngazi. Giza limeingia, upepo wa huku unavuma, mnara wa mita 4 umelowa: usipande. Na hakuna sababu yoyote ya mtu kuingia ndani ya tanki.

Spana_Ipagala

Nakubaliana, hasa hapo pa kutopanda usiku.

Turudi kwenye gundi na kiberiti. PPR ni polipropilini, plastiki ambayo gundi haiishiki. Ile gundi ya kopo ya kuungia mabomba ya PVC inafanya kazi kwa kuyeyusha PVC, kwenye PPR inakauka juu kama rangi na kubanduka. Super glue vivyo hivyo, na zile epoksi za kukanda mkononi zinadumu mpaka presha irudi. Usipoteze hela.

Moto ndio mbaya zaidi. PPR inaunganishwa kwa mashine yenye nyuzi joto 260, bomba la milimita 20 likikaa kwenye kichwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, halafu linasukumwa ndani ya kiungo bila kuzungushwa na kuachwa lipoe dakika kadhaa. Kiberiti kinaunguza juu, ndani hakifiki, tundu linasinyaa, na sehemu iliyoungua haikubali tena kuchomelewa. Fundi akija atalazimika kukata kipande kirefu zaidi, na kwako elbo iko ukutani, maana yake ni kubomoa vigae.

Kinachofanya kazi kwa saa chache ni tyubu ya baiskeli. Kata utepe wa upana wa sentimita 4, urefu kama mita 1. Funga maji kwanza, kausha bomba kwa kitambaa. Anza sentimita 10 kabla ya ufa, vuta mpira mpaka ukaribie kukatika, zungusha kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita, vuka ufa sentimita 10 mbele. Juu yake funga waya wa kufungia nondo, mizunguko ya kuachana sentimita 2, kaza kwa plaizi mpaka mpira ubonyee, usikaze mpaka plastiki ibonyee. Mnara wa mita 4 pamoja na maji ndani ya tanki unakupa kama bar 0.5, mpira huo unaimudu. Mstari wa mtaani unaweza kuwa bar 3 na zaidi, hapo mpira utatoa tu. Ndiyo maana nasema mita ibaki imefungwa.

Kwenye elbo lakini, mpira haukai vizuri kwa sababu ya kona. Kama ufa uko kwenye kona yenyewe usipoteze muda kuufunga, weka beseni na ushughulikie tanki.

Mkazi_Ilazo

Ufa uko kwenye bomba lenyewe, kama vidole vinne kutoka kwenye elbo. Valvu imekubali mpaka zaidi ya nusu kwa mafuta ya kula, maji sasa ni uzi mwembamba tu. Duka la vifaa la mtaani bado liko wazi. Ninunue nini kabla hawajafunga?

Kaka_Kisasa

Vidole vinne ni nafuu kubwa, fundi ana pa kushikia.

Kabla hujaenda dukani soma maandishi ya pembeni mwa bomba. Utaona 20, 25 au 32, hiyo ni milimita za nje, na PN10, PN16 au PN20, hiyo ni nguvu yake. Mstari wa bluu ni maji baridi, mwekundu ni ya moto. Piga picha ya ufa, ya maandishi na ya elbo, mtumie fundi kwa WhatsApp sasa hivi. Nusu ya ucheleweshaji wa mafundi ni kuja na vifaa vya 25 kumbe bomba ni la 20, halafu arudi mjini.

Nunua soketi mbili za PPR (viungo vilivyonyooka vya kuungia bomba, si zile za umeme) za saizi hiyo, elbo moja ya akiba, na bomba mita 1. Kama elbo ya ukutani ndiyo inayopokea koki au hozi ya sinki, chukua pia ile yenye uzi wa shaba ndani, nusu inchi. Tredi tepu mbili, ile nyeupe nyembamba isiyo na gundi. Na bol valvu moja ya kuweka badala ya hiyo iliyoganda, saizi isome kwenye bomba la mnara, usikisie.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui: viungo vya mabomba ya poli, vile vyeusi vyenye kofia ya bluu vinavyokazwa kwa mkono. Bomba la poli la milimita 20 na PPR ya milimita 20 zina unene sawa kwa nje. Kwa hiyo fundi akishindwa kufika leo, unakata pale penye ufa kwa msumeno wa chuma, unalainisha ncha kwa kisu, unaingiza kofia ya mwisho ya poli, unakaza. Jikoni panazibwa, nyumba iliyobaki inapata maji ya tanki. Ni ya muda, kwa presha ya tanki tu, na isifukiwe ukutani.

Spana_Ipagala

Hiyo ya kofia ya poli ni nzuri, ila acha angalau vidole vitatu vya bomba zima upande wa ukuta. Ukikata karibu sana na elbo, soketi haina pa kuingia kesho.

Mama_Area_D

Samahani naingilia uzi. Kwetu hakuna ufa, ila tuna pampu ya kuongeza presha na hita ya maji ya moto ya tanki. Yakitokea kama haya, utaratibu ni uleule?

Spana_Ipagala

Hapana mama, kuna hatua moja inatangulia. Pampu ya presha inajiwasha yenyewe ikihisi presha imeshuka, na bomba lililopasuka ni presha iliyoshuka. Usipoizima itakuwa inasukuma maji kwenye ufa bila kukoma. Na ukifunga tanki pampu ikiwa inazunguka, itazunguka kavu, sili ya ndani inaungua na utanunua pampu. Kwa hiyo chomoa pampu, kisha funga tanki.

Hita nayo izime kwenye breka yake kabla ya kufunga maji. Ikibaki inachemsha huku maji yamemwagika, elementi inaungua. Usiiwashe tena mpaka umefungua bomba la maji ya moto na maji yakatoka mfululizo bila kutema hewa.

Kama maji yanavuja darini na dari ni ya jipsam, ukiona imeanza kubonyea chini kama tumbo, zima umeme, sogeza vitu, weka ndoo, toboa kitundu kidogo kwa bisibisi penye tumbo pa chini kabisa. Kitundu kinazibwa kwa urahisi, lakini maji yakikusanyika juu dari nzima itashuka na waya za taa zimo humo.

Mpangaji_Nkuhungu

Na choo kikianza kurudisha maji taka juu? Hicho ndicho kinatutesa wakati wa mvua.

Kaka_Kisasa

Hapo dharura ni kinyume. Hufungi bomba lililopasuka, unasimamisha matumizi. Mtu yeyote asivute choo, asioge, asimwage maji ya vyombo, kwa sababu kila lita inayoingia sinki la jikoni inaweza kutokea chooni.

Kisha nenda kwenye chemba ya karibu na nyumba, fungua mfuniko kwa nondo, simama upande upepo unakotoka. Usiinamishe kichwa ndani, usiwashe kiberiti wala sigara, gesi za humo zinawaka na zinaua. Unaangalia kitu kimoja tu: imejaa au ni tupu? Ikiwa tupu wakati choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na hiyo chemba. Ni karibu, fundi mwenye waya wa kuzibulia anamaliza. Ikiwa imejaa, nenda chemba inayofuata kuelekea shimo. Kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Zote zikiwa zimejaa mpaka shimoni, huhitaji fundi bomba, unahitaji gari la kunyonya maji taka, na ukimwita fundi utamlipa kwa kazi ambayo haiwezekani.

Mvua za huku zinaanza Desemba hivi mpaka Aprili, na sehemu zenye udongo wa mfinyanzi ardhi ikishiba shimo la kunyweshea linaacha kunyonya. Ukinyonya leo, mvua ikaendelea, linaweza kujaa tena mapema. Punguza maji yanayoingia, hasa ya kufulia, na hakikisha maji ya paa hayaelekezwi kwenye chemba. Na usimwage asidi ya kuzibulia kwenye choo kilichojaa. Haifiki kwenye kizuizi, inabaki juu ikimsubiri fundi mikononi.

Mkazi_Ilazo

Nimepata vifaa vyote, bomba ni la 20. Fundi kapokea picha, kasema anakuja na mashine. Swali la mwisho: akishamaliza, nitajuaje kama pameshika kweli kabla sijafungua kila kitu?

Spana_Ipagala

Vizuri. Kwanza hakikisha anachomelea bomba kavu. Valvu yako haifungi sawasawa, kwa hiyo bomba la nje libaki wazi muda wote ili maji yanayopenya yatokee huko. Tone moja kwenye kichwa cha mashine linageuka mvuke, linaacha kitundu ndani ya kiungo, na kitavuja baada ya wiki wakati vigae vimesharudishwa. Bora kumwaga tanki lote na kubadilisha hiyo valvu kwanza kuliko kuchomelea penye unyevu.

Kiungo kikipoa kabisa, fungua tanki taratibu, robo kwanza, huku bomba la jikoni na la nje yako wazi ili hewa itoke. Yakiacha kutema, yafunge. Weka karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila kiungo kipya, subiri nusu saa. Unyevu usioonekana kwa macho unaonekana kwenye karatasi. Ukuta usizibwe leo.

Halafu ndiyo mita, kwa sababu presha ya mtaani ndiyo mtihani wenyewe. Subiri mgao uwepo, fungua koki ya mita polepole, tanki likijaa na floti ikafunga, funga mabomba yote na tazama kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiwa kimetulia dakika 15, pameshika. Kikizunguka hata kidogo na floti haidondoshi maji, kuna sehemu inavuja baada ya mita na hiyo ni yako kutafuta. Ukikuta maji yanavuja kabla ya mita, usiguse, hiyo ni kazi ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wapigie kwa namba iliyo kwenye bili.

Na umeme wa jikoni usirudishwe mpaka soketi za chini zifunguliwe na kukaguliwa zimekauka ndani. Fundi bomba hawezi kukuhakikishia hilo, mwite fundi umeme kesho asubuhi.